Msinunue mashine nyingine kabla ya kulipia ithibati: barua ya wazi kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa,
na wakuu wa taasisi za viwango, afya ya mimea na vipimo.

YAH: ITHIBATI YA MAABARA ZINAZOPIMA MAZAO YETU

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu. Tunaoandika ni wapimaji wa maabara, wakaguzi wa ubora na wasimamizi wa vituo vya kufungashia mazao katika ukanda huu. Ombi letu ni moja. Fedha inayofuata ya kuimarisha maabara za kanda isianze na mashine. Ianze kwa kulipia ithibati ya kimataifa, yaani uthibitisho wa chombo huru kwamba maabara ina uwezo wa kupima inachodai kupima, kwa vipimo vichache ambavyo mahindi na parachichi za huku hudaiwa mpakani na bandarini, na ilipie sampuli zichukuliwe inavyotakiwa. Mashine zitafuata, na zitakapofuata tutajua zipi tunazihitaji.

Tunajua ombi hili halina utepe wa kukata. Jengo jipya linapigwa picha, mashine inapigwa picha, lakini daftari la mizani lililojazwa kila asubuhi kwa miaka miwili halipigwi picha na mtu. Hata hivyo mkaguzi wa ithibati akiingia maabara, hilo daftari ndilo analoomba kwanza.

Mnyororo wenyewe ni mfupi. Maabara inapima. Chombo cha ithibati kinatuma wataalamu waikague kwa kiwango cha ISO/IEC 17025:2017; wanasimama nyuma ya mpimaji akiwa kazini na kuuliza kila namba imetoka wapi. Kwetu Tanzania chombo hicho ni SADCAS, chenye makao yake Gaborone, kinachohudumia nchi za SADC zisizo na chombo chao wenyewe. SADCAS nayo inakaguliwa na wenzake kwa kiwango cha ISO/IEC 17011, na imo katika makubaliano ya kutambuana yaliyoanzishwa chini ya ILAC, ushirikiano wa kimataifa wa vyombo vya ithibati, yaliyotiwa saini Novemba 2000 na kuanza kutumika Januari 2001. Kwa hiyo ripoti yenye nembo ya SADCAS ikifika kwa mnunuzi Rotterdam, mnunuzi hahitaji kuijua Mbeya iko wapi. Anaangalia namba ya ithibati, anafungua orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa, anaona kipimo chake kimo au hakimo.

Kwa ukanda huu kuna faida ya ziada ambayo haisemwi vya kutosha. Zambia, Malawi na Kongo, majirani wanaochukua nafaka zetu kupitia Tunduma na Kasumulu, wanahudumiwa na SADCAS hiyohiyo. Maabara ya Mbeya na ya Lusaka zikiwa na ithibati kwa kipimo kilekile, zimekaguliwa kwa kiwango kimoja na chombo kimoja. Kenya ina chombo chake, KENAS, nacho kimo katika makubaliano hayohayo.

Tusidanganyane pia. Ithibati haimfungi mwenye mpaka mikono. Mkataba wa WTO wa afya ya binadamu, wanyama na mimea unampa kila mwanachama haki ya kukagua, mradi awe na msingi wa kisayansi. Kinachobadilika ni uzito wa hoja yetu. Wao wakipima tena na kupata jibu tofauti, tuna njia iliyothibitishwa, tuna kiwango cha shaka cha kipimo (jibu linaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani), tuna sampuli ya akiba iliyofungwa kwa lakiri, tuna pa kuanzia mazungumzo. Bila hivyo tunabaki na karatasi yenye muhuri na lori linalolipiwa maegesho.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu iko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Kikomo hicho tulikuwa nacho tayari: kimo kwenye EAS 2, kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, sambamba na mikrogramu 5 za aflatoksini B1 na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hakuna aliyekuwa anabishania namba. Kilichobaki mezani ni cheti cha nani kinaaminika, na hilo ndilo swali ambalo ithibati imetengenezwa kulijibu.

Na isidhaniwe kwamba tunazungumzia soko la nje peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Yale yalikuwa mahindi ya kula nyumbani. Maabara inayoweza kumridhisha mnunuzi wa nje ndiyo hiyohiyo itakayomwambia Mganga Mkuu wa Wilaya ukweli kuhusu unga wa shule.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, tukianza na sampuli, kwa sababu humo ndimo makosa makubwa yanamozaliwa na ndimo fedha kidogo zaidi inamowekwa.

Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya shehena. Inakaa kwenye punje chache zilizooza au kutobolewa na wadudu, na hizo chache zinaweza kuwa na sumu nyingi ajabu. Chukua punje moja ya gramu 0.3 yenye mikrogramu 40,000 kwa kilo. Ndani yake mna mikrogramu 12. Ikiingia kwenye sampuli ya kilo moja ambayo punje nyingine zote ni safi, sampuli nzima inasoma 12 na lori linakataliwa. Isipoingia, sampuli inasoma sufuri na lori linapita, ilhali zinazofanana nayo zimebaki magunia ya nyuma. Ndiyo maana lori moja linaweza kupimwa mara mbili na kupata majibu mawili, na wafanyabiashara wakadhani kuna mtu amekula rushwa. Mara nyingi hakuna aliyekula chochote. Bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, lilichomwa magunia sita ya pembeni, basi.

Kwa shehena ya tani 20 hadi 50, utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kuchukua sampuli za nafaka unataka michoto 100, kila mmoja wa takribani gramu 100, jumla kilo 10. Lori la tani 30 lina magunia 300 ya kilo 100 (ya haki, si lumbesa). Hesabu inajileta yenyewe: kila gunia la tatu, mchoto mmoja. Lakini hesabu hiyo haiwezekani lori likishapakiwa na kufunikwa turubai, kwa sababu mkaguzi anafikia magunia ya juu na ya ubavuni tu. Sampuli lazima ichukuliwe wakati wa kupakia, pale ghalani Mbalizi, Makambako au Vwawa, mkaguzi akiwa amesimama kwenye ngazi ya wapakiaji. Maana yake mkaguzi awe amefika kabla ya wapakiaji, siyo apigiwe simu lori likiwa limeshawasha injini.

Kisha kilo 10 zote zisagwe. Huko nako kuna mtego. Ikichotwa kilo moja kutoka kwenye 10 kabla ya kusaga, tumerudi kwenye bahati nasibu ileile. Isagwe yote hadi iwe laini, ichanganywe, ndipo zichukuliwe gramu 25 au 50 za kupima. Kinu kisafishwe kila baada ya sampuli, na kiasi cha kwanza cha sampuli mpya kimwagwe, maana vumbi la sampuli chafu linahamia kwenye safi. Kusaga kilo 10 kwenye mashine ya posho ya jirani hakufai: hujui nani alisaga nini jana. Kinu cha maabara cha kusaga kilo 10 kwa haraka ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, na kama tungeulizwa tuchague kimoja, tungechagua kinu.

Baada ya hapo ndipo kipimo. Vipimo vya haraka vya utepe au ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili) vinafaa kabisa kuchuja ghalani, mradi viwe vimethibitishwa kwa mahindi na vitunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kama maelekezo yanavyosema. Umeme ukikatika Jumamosi na friji lisiwe na rekodi ya joto, Jumatatu hakuna anayejua kama vitepe vile bado vinafaa, na vitatumika. Kwa jibu la cheti, maabara hupima kwa HPLC na kuthibitisha kwamba njia yake inarejesha kiasi kilichowekwa. Unachukua unga safi, unaongeza sumukuvu ya kiasi unachokijua, unapima, unaona umepata asilimia ngapi. Kati ya mikrogramu 1 na 10 kwa kilo, kanuni ya Ulaya ya mwaka 2006 ilikubali asilimia 70 hadi 110. Maabara ambayo haijawahi kufanya zoezi hilo ina namba, lakini haijui namba hiyo inasema nini.

Kuna jambo dogo kwenye ripoti linalogharimu wengi. Jibu linasema 9.2, kikomo ni 10, mfanyabiashara anapakia. Lakini kipimo kina shaka yake, tuseme jumlisha au toa 1.8. Thamani halisi inaweza kuwa 11. ISO/IEC 17025:2017 inataka maabara inayoandika "imekidhi" ikubaliane na mteja kabla kuhusu kanuni ya uamuzi: je, shaka inahesabiwa upande wa nani? Ushauri wetu kwa anayeuza ni mkali. Kama shaka ni 1.8, usiachilie shehena inayozidi 8.2. Ripoti nyingi zinazopita mikononi mwetu hazina shaka ya kipimo kabisa, na isiyo nayo haiwezi kutetewa mbele ya mtu mwenye ripoti iliyo nayo.

Parachichi ni kesi nyingine, na hapa tunaomba uvumilivu kwa sababu ndiko neno "mawanda" linakoeleweka vizuri.

Ithibati haitolewi kwa jengo wala kwa taasisi nzima. Inatolewa kwa kipimo fulani, kwa njia fulani, kwenye aina fulani ya bidhaa. Cheti kinaning'inizwa ukutani, lakini kinachosema kitu ni kiambatanisho chake, yale mawanda. Maabara inaweza kuwa na ithibati halali ya kupima mabaki ya viuatilifu kwenye nyanya na isiwe na uwezo wa kuyapima kwenye parachichi. Mwongozo wa Ulaya wa uchambuzi wa mabaki, unaojulikana kama SANTE, unaweka nyanya kwenye kundi la mazao yenye maji mengi, na parachichi kwenye kundi la mafuta mengi pamoja na zeituni. Sababu ni ya kikemia. Njia ya kawaida ya kutoa viuatilifu kwenye tunda, QuEChERS, huchukua gramu 10 za tunda lililosagwa na mililita 10 za asetonitrili, ikatikiswa, ikatiwa chumvi, ikazungushwa. Kwenye nyanya unapata kimiminika safi. Kwenye parachichi unapata pia mafuta, ambayo yakiingia kwenye mashine huchafua kolamu (bomba la kutenganishia kemikali) na kufifisha ishara ya kiuatilifu. Kwa hiyo lazima kuwe na hatua ya kuyaondoa, kwa kugandisha au kwa unga wa kunyonya mafuta, na hatua hiyo ithibitishwe. Asiyeifanya anaweza kuandika "hakuna kilichoonekana" kwenye tunda lenye kiuatilifu, na hatakuwa amesema uongo. Hakuona.

Ulaya, pale ambapo hakuna kikomo mahsusi, hutumia miligramu 0.01 kwa kilo. Ni gramu moja kwenye tani 100. Kloripirifosi, dawa ya kuua wadudu, imewekwa kwenye kiwango hicho tangu mwishoni mwa 2020. Bomba la kupulizia lililotumika kwenye viwavijeshi vya mahindi, likasuuzwa mara moja na kupelekwa kwenye miparachichi, linatosha kuleta tatizo. Na wakulima huuliza kila mara kwa nini tunda lipimwe na maganda yake ilhali hakuna anayeyala. Codex, mfumo wa kimataifa wa viwango vya chakula, ndivyo inavyotaka: kokwa linatolewa, ganda linabaki, na hesabu inafanywa kwa tunda zima. Sampuli ni matunda yasiyopungua 10 yenye uzito usiopungua kilo moja, yaliyochukuliwa na mtu ambaye hakushika dawa siku hiyo.

Vikundi vya wakulima vya Rungwe na Njombe vinavyotafuta cheti cha GLOBALG.A.P., cheti cha kilimo bora, vinakutana na ithibati mara mbili: kampuni inayotoa cheti lazima iwe na ithibati ya ISO/IEC 17065, na maabara inayopima mabaki iwe na ya ISO/IEC 17025. Kikundi kikilipia kipimo kwenye maabara isiyo na mawanda sahihi, mkaguzi anaiweka ripoti pembeni na kikundi kinalipa tena.

Kuna kipimo kingine cha parachichi kinachodharauliwa kwa sababu kinafanywa jikoni, kwa kisu na maikrowevu: ukavu wa nyama ya tunda, yaani sehemu inayobaki maji yakishaondolewa. Parachichi ya aina ya Hass inayokwenda Ulaya inatakiwa isipungue asilimia 21. Unakata vipande vyembamba kutoka pande mbili zinazotazamana, bila ganda wala ngozi ya kokwa, unapima gramu 10, unakausha kwa moto mdogo, unapima, unarudisha, unapima tena hadi uzito usibadilike. Moto ukizidi, vipande vinaungua, uzito unashuka kupita kiasi, na shamba lililokomaa linaambiwa lisubiri. Ukikatisha mapema, maji yanabaki, ukavu unaonekana mkubwa, na tunda changa linaingia kwenye kontena. Sasa weka mizani hapo. Gramu 10.00 zimekauka zikawa 2.05: asilimia 20.5, usichume. Lakini kama sufuri ya mizani imehama kwa gramu 0.1 kati ya upimaji wa kwanza na wa pili, inasoma 2.15: asilimia 21.5, chuma. Gramu 0.1, na tani 20 na ushee zinasafiri wiki kadhaa kwenye baridi ili zifike zikiwa zimenywea na haziivi. Hapa hakuna mashine ya mamilioni iliyokosekana. Kilichokosekana ni jiwe la mizani lenye cheti na mtu wa kulitumia kila asubuhi.

Hilo linatuleta kwenye mizani na vipimajoto kwa ujumla. Stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani ni halali kwa kununua na kuuza. Mkaguzi wa ithibati anataka kingine: cheti cha ugezi (ulinganishaji wa kifaa na kipimo rejea) kinachotaja makosa ya mizani na shaka yake, kutoka maabara ya ugezi yenye ithibati. Kuipeleka mizani Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na kuirudisha kwenye buti la basi ni kuharibu kilichokwenda kutengenezwa. Zaidi ya hapo, mvutano wa dunia hauko sawa pwani na huku. Mizani nyeti iliyorekebishwa usawa wa bahari ikiletwa Mbeya, takribani mita 1,700 juu, itaisoma gramu 100 pungufu kwa makumi ya miligramu. Mwenye gunia la viazi hatalala njaa kwa hilo. Maabara inayotakiwa kupima hadi sehemu ya kumi ya miligramu itaandikiwa kasoro. Dawa yake ni mafundi wa ugezi kupanda huku na mawe yao, ratiba ijulikane, mara moja au mbili kwa mwaka, wazungukie Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa kwa safari moja.

Mwinuko unaumiza pia wanaopima vijidudu kwenye maziwa na maji. Otoklevu, vyombo vya kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, zinafundishwa kwa kanuni ya paundi 15 kwenye geji, na kwa usawa wa bahari hiyo ni nyuzi 121. Kwa Mbeya hewa ya nje ni nyepesi, hivyo paundi 15 hizohizo zinatoa karibu nyuzi 118. Anayeangalia geji badala ya kipimajoto anasterilaizi nusunusu na kusingizia vyombo. Mambo ya namna hii hayamo kwenye zabuni yoyote ya ununuzi. Yanaibuliwa na ukaguzi wa ithibati, kwa sababu mkaguzi anauliza: umejuaje kwamba ni 121?

Mashine ya HPLC ikinunuliwa leo, kesho itadai kemikali rejea (za kiasi kinachojulikana, za kulinganishia) zinazosafirishwa kwa baridi, viyeyushi vya daraja lake, kolamu, maji safi, mkataba wa fundi, umeme usiokatika katikati ya mfululizo wa sampuli. Ununuzi hulipwa mara moja kutoka fungu la maendeleo. Haya mengine ni ya kila mwezi, yako kwenye matumizi mengineyo, na fungu hilo ndilo hunyolewa kwanza mambo yakibana. Mashine inakaa imefunikwa kitambaa. Inakuja ziara, kitambaa kinatolewa, ziara inaondoka.

Njia tunayoipendekeza haina miujiza. Kwa ukanda mzima chagueni vipimo vinne: sumukuvu kwenye mahindi, unyevu wa nafaka, ukavu wa parachichi, na uchukuaji wa sampuli wenyewe, ambao ISO/IEC 17025 inauruhusu uingie kwenye mawanda. Mabaki ya viuatilifu kwenye parachichi yasubiri. Kwa sasa sampuli ziende kwenye maabara ambayo mawanda yake yanayataja waziwazi, ziende kwenye kisanduku cha baridi, na Serikali isaidie usafiri badala ya kuanzisha maabara ya nusu. Tunajua hili halitawapendeza wote, hata baadhi yetu.

Kwa vipimo hivyo vinne, maabara ifanye tathmini ya mapungufu, ithibitishe njia zake, ijiunge na upimaji linganishi ambako maabara nyingi hupewa sampuli moja na kila moja hutuma jibu lake bila kuona la mwenzake. Alama ya z, inayoonyesha jibu lako liko mbali kiasi gani na linalokubalika, ikiwa ndani ya 2, vizuri. Kati ya 2 na 3, tafuta sababu. 3 na kuendelea, simamisha kutoa ripoti hadi ujue kilichotokea. Ifanye ukaguzi wa ndani na kikao cha menejimenti, ndipo iombe SADCAS. Kwa maabara inayoanza karibu na sufuri tunakadiria miezi 18 hadi 24. Yeyote anayewaahidi miezi sita anawauzia makabrasha. Na cheti kikipatikana kazi haijaisha: ISO/IEC 17011 inaweka mzunguko usiozidi miaka 5, na ndani yake kuna ukaguzi wa ufuatiliaji. Bajeti iwe ya mzunguko mzima.

Kuna mambo ambayo maabara haiwezi kujifanyia, yanahitaji saini zenu. La kwanza ni uhamisho. Ithibati inategemea watu walioidhinishwa kwa kipimo fulani. Mpimaji mmoja kati ya wawili akihamishiwa mkoa mwingine kwa barua ya siku saba, kipimo kinaweza kusimama. Tunaomba wapimaji walioidhinishwa wasihamishwe bila mbadala aliyekwisha kuidhinishwa kazini. Pili, fedha za upimaji linganishi, ugezi na kemikali rejea zipewe kasma yake yenye ulinzi. Tatu, anayepima na anayeamua shehena ipite wasiwe na bosi mmoja wa karibu, hata kama wako taasisi moja. Kutopendelea ni sharti la kiwango, na mkaguzi wa ithibati atataka kuona muundo wa uongozi. Nne, ripoti ya maabara binafsi yenye ithibati na mawanda sahihi ipokelewe kama ya serikali. Kulilazimisha lori kupimwa tena kwa sababu tu muhuri si wetu ni kufanya ndani ya nchi kile tunachokilalamikia nje.

Mwisho, mawanda ya kila maabara inayohudumia ukanda huu yabandikwe kwenye madirisha ya Tunduma na Kasumulu, ofisi za kilimo za wilaya na maghala makubwa: kipimo gani, bidhaa gani, njia gani, ithibati inaisha lini. Karatasi moja kwa kila maabara. Wakala wa forodha aijue kabla ya kulipia, na mkulima aione kabla ya kupakia.

Tuko tayari kukaa na wataalamu wenu hapa Mbeya au Dodoma kabla makadirio ya bajeti hayajafungwa. Tunaomba waje na vitu vitatu: orodha ya vifaa vilivyopo na hali yake, ratiba ya ugezi iliyofanyika tangu vinunuliwe, na orodha ya vyeo vinavyoruhusiwa kusaini ripoti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapimaji, wakaguzi wa ubora na wasimamizi wa vituo vya kufungashia,
Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Nakala: Makatibu Tawala wa Mikoa, Wakurugenzi wa Halmashauri za Rungwe, Mbozi, Mbarali, Mufindi na Njombe, vyama vya ushirika vya mazao.